Nasadiki: maneno ya kale yanayotulinda leo



Katika mkutano mmoja wa vijana hapa Sanga, kijana mmoja alisimama akatuuliza swali ambalo wengi wenu mnalo moyoni bila kulitamka. Alisema: jirani zetu wa makanisa mapya wanasali kwa maneno yanayowatoka moyoni, wanalia, wanaimba, wanasema kwamba wanaponywa. Nasi kila Dominika, baada ya mahubiri, tunasimama na kurudia maneno yale yale yaliyotungwa na watu wa nchi za mbali waliokufa zamani. Je, hiyo ni imani, au ni desturi tu?

Tulimjibu haraka kwamba hayo ni mapokeo ya Kanisa, kisha tukaendelea na ajenda. Hakuridhika, naye alikuwa na haki ya kutoridhika. Makala hii ni deni letu kwake na kwenu ninyi mnaowaza kama yeye. Msimamo wetu tunausema mapema: Nasadiki ni mojawapo ya vitu vichache vinavyoweza kumlinda Mkristu kijana wa Kamina dhidi ya hofu na udanganyifu, mradi ajue anachokisema. Asipojua, basi kijana yule alisema kweli, nayo ni desturi tu.

Tuanze nyumbani. Babu zetu Waluba hawakuwa na vitabu, lakini hawakuwa watu wasio na kumbukumbu. Chama cha Mbudye kilitunza ubao mdogo wa mti uitwao lukasa, unaoshikika kwa mkono mmoja, uliopambwa kwa shanga, makombe na nakshi. Mtu aliyefundishwa aliupapasa kwa kidole, na kila shanga ikamkumbusha jambo: mfalme fulani, mahali patakatifu, safari ya ukoo. Kwa njia hiyo habari za Nkongolo, Mbidi Kiluwe na Kalala Ilunga zilipita kutoka kizazi hadi kizazi. Msimulizi hakurudia neno kwa neno. Alisimulia kadiri ya haja ya siku na ya wasikilizaji wake. Hata hivyo kidole chake kilirudi daima kwenye shanga, na shanga zilimzuia asipotee katika maneno yake mwenyewe.

Kanisa la kale lilifanya jambo linalofanana na hilo. Kanuni ya imani liliiita kwa neno la Kigiriki symbolon, yaani alama ya kutambulishana. Kitu kilivunjwa vipande viwili, kila mmoja akabaki na chake. Siku ya kukutana, vipande vilipopatana, watu walijua kwamba wao ni wa agano moja. Mtakatifu Augustino, aliyekuwa askofu wa Hippo katika Algeria ya leo na kufariki mwaka 430, aliwakabidhi wakatekumeni Nasadiki kwa mdomo. Hakutaka waiandike. Aliwaagiza waitie moyoni, waiseme wanapolala na wanapoamka, kisha waje kuirudisha kwa sauti mbele ya waamini kabla ya ubatizo. Mwafrika huyu alijua kile walichojua watu wa Mbudye: neno linalokaa kifuani haliibiwi, haliungui, wala halimwachi mtu gizani.

Hapa yafaa tuondoe kosa moja. Wengi hudhani kwamba Nasadiki ni kitu cha Wazungu, kilichokuja na meli za wamisionari. Sivyo. Ugomvi uliozaa Kanuni ya Nikea ulianza Afrika, mjini Aleksandria, katika Misri. Padri mmoja wa mji huo, jina lake Ario, alifundisha kwamba Mwana wa Mungu ni kiumbe: mkuu kuliko viumbe vyote, lakini kiumbe, mwenye mwanzo. Askofu wake Aleksandro alimpinga, na fitina ikaenea hata ikamfikia Kaisari Konstantino. Mwaka 325 Kaisari aliwaita maaskofu huko Nikea, mji unaoitwa leo Iznik katika Uturuki. Mapokeo yanahesabu maaskofu 318. Miongoni mwao alikuwako Sesiliani wa Karthago. Aleksandro alikuwako pamoja na shemasi wake kijana, Atanasi. Waandishi wa kale wanasimulia pia habari za Pafnusi wa Misri ya Juu, aliyepotezewa jicho wakati wa madhulumu. Watu hawa hawakuwa wakibishana kwa starehe. Miaka michache tu ilikuwa imepita tangu Wakristu waache kuuawa kwa ajili ya jina la Kristu. Walitaka kujua hasa ni nani waliyekuwa tayari kumfia.

Basi tuseme wazi jambo lenyewe. Chifu akimtuma mjumbe kijijini, tunamheshimu mjumbe kwa ajili ya chifu. Mjumbe akipigwa njiani, chifu atakasirika, pengine atalipiza. Lakini maumivu ni ya mjumbe, si yake. Kama Ario alisema kweli, basi aliyetundikwa msalabani ni mjumbe, naye Mungu alibaki mbali akitazama. Maaskofu wa Nikea walikataa. Walisema kwamba Mwana ana umungu ule ule mmoja na Baba. Maana yake ni kwamba Mungu hakumtuma mwingine aje kuteseka badala yake. Alikuja mwenyewe. Mama anayemzika mtoto wake katika msimu wa malaria haambiwi kwamba Mungu amepokea habari zake kupitia mjumbe. Anaambiwa kwamba Mungu ameionja mauti. Mwaka 381, huko Konstantinopoli, maaskofu wengine walithibitisha imani hiyo na kukiri kwa maneno mapana zaidi habari za Roho Mtakatifu. Ile Nasadiki ndefu tunayoisema Dominika imetoka katika kazi ya mitaguso hiyo miwili. Ile fupi, ya Mitume, ilikua kutoka katika maswali ya ubatizo yaliyoulizwa katika Kanisa la Roma.

Sasa tuseme kwa nini mambo haya yanatuhusu sisi hapa kwetu.

Miaka michache iliyopita, katika mtaa mmoja tunaoufahamu, familia moja ilifiwa mara mbili katika msimu mmoja wa mvua. Mtu aliyejiita nabii aliingia nyumbani mwao, akasali usiku kucha, na kulipokucha akamnyoshea kidole mtoto wa miaka tisa, yatima wa mama, akasema kwamba mauti ya nyumba ile imetoka kwake. Alidai fedha ili amfungue, akaagiza mtoto akae bila chakula siku tatu. Ndugu wa jumuiya yetu walipopata habari walikwenda, pamoja na mzee mmoja katekista. Tulidhani mzee atabishana juu ya uchawi, kama upo au haupo. Hakubishana. Aliketi, akakubali maji ya kunywa, akawapa pole ya wafu wao. Kisha akamwomba baba wa nyumba wasali pamoja Nasadiki. Walipofika pale tunapomkiri Mungu kuwa Muumba wa vyote, vinavyoonekana na visivyoonekana, mzee alimsimamisha akamwuliza kwa upole: «Baba, hivyo visivyoonekana aliviumba nani?» Baba yule alinyamaza muda mrefu. Mzee akasema tena: «Ikiwa Mungu ndiye aliyeviumba, basi hakuna kitu gizani chenye nguvu kuliko yeye. Na ikiwa ni hivyo, kwa nini tunamwogopa mtoto huyu kuliko tunavyomwogopa Mungu?»

Hatusemi kwamba yote yalitengenea siku ile. Mtoto alipewa chakula, akapelekwa kwa shangazi yake, akakaa huko miezi miwili kabla ya kurudi. Wako jamaa wasiomsalimia hata leo. Lakini hakufukuzwa barabarani kama wengine tunaowaona wakilala sokoni na kando ya reli. Sheria ya nchi yetu ya Januari 10, 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inamwadhibu mtu anayemsingizia mtoto uchawi, nayo ni sheria njema ambayo kila kijana apaswa kuijua. Lakini usiku ule hapakuwa na polisi wala hakimu. Palikuwa na maneno machache ya kale, ambayo baba yule aliyajua kwa moyo tangu ukatekumeni wake bila kuwahi kuyasikia.

Ndiyo maana tunasema kwamba sala inayotoka moyoni peke yake haitoshi. Moyo uliojaa hofu hutoa sala ya hofu. Yule nabii naye alisali kwa maneno yaliyomtoka moyoni. Mtu anahitaji neno lisilotoka kwake, analoweza kuliegemea siku ambayo moyo wake mwenyewe unamdanganya.

Kuna fundisho jingine katika historia ya nchi yetu hii. Padre Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933, akaishi miaka mingi kati ya Waluba, na mwaka 1945 kikatolewa kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu. Baadaye, huko Ruwe karibu na Kolwezi, katika miaka ya 1950, ilizaliwa Jamaa. Ndani yake wafanyakazi wa migodi na wake zao walijifunza kuishi uzima, uzazi na mapendo, na padri akawa ndugu kati yao badala ya kuwa bwana juu yao. Wengi wa mababu na mabibi zenu walipitia humo, nasi hatuwezi kuitaja bila shukrani. Lakini mafundisho ya Jamaa yalitolewa kwa hatua, njia moja baada ya nyingine, na kwa faragha. Palipotokea makundi yaliyojiona kuwa na ujuzi wa siri kupita Kanisa, maaskofu walilazimika kuyaonya na hata kuyakataza, na familia nyingi ziliumia kwa mgawanyiko huo.

Hatusemi hayo ili kuwahukumu wazee wetu. Tunasema ili mwone ubora wa Nasadiki: haina chumba cha ndani. Askofu anaisema kwa sauti, na mama anayeuza unga wa muhogo sokoni anaisema kwa sauti ile ile, na wala hakuna kifungu kimoja kilichofichwa kwa ajili ya waliolipa au waliopanda ngazi. Mtu akikujia na kusema kwamba Mungu amemfunulia yeye peke yake siri ya wokovu wako, una kipande cha symbolon mkononi mwako. Linganisha. Kama vipande havipatani, una haki ya kuondoka, hata kama anatoa machozi.

Tusiwafiche, hata hivyo, yale yanayosemwa dhidi ya kanuni hizi, maana mengine yana uzito.

Wako wanaosema kwamba Nasadiki inaruka kutoka kuzaliwa kwa Yezu kwa Bikira Maria hadi mateso yake chini ya Pontio Pilato, bila neno hata moja juu ya maskini, wagonjwa na Heri za mlimani. Ni kweli. Jibu letu ni kwamba Nasadiki haikutungwa ili ichukue nafasi ya Injili. Katika Misa tunaisema baada ya kusikia Injili na mahubiri, kama jibu. Mifupa peke yake si mtu. Lakini mtu asiye na mifupa hasimami. Kosa ni la yule anayeshika mifupa na kuacha nyama na damu, yaani anayekariri Nasadiki na kumpita maskini mlangoni.

Wengine wanasema kwamba Nikea lilikuwa neno la Kaisari, siasa iliyovaa nguo ya ibada. Nalo lina ukweli wake. Konstantino alitaka amani katika himaya yake, na baada ya mtaguso Ario alipelekwa uhamishoni. Lakini tazameni yaliyofuata. Upepo wa ikulu uligeuka, na Atanasi, aliyekuwa sasa askofu wa Aleksandria, alifukuzwa mara tano. Katika miaka 45 ya uaskofu wake, 17 hivi aliipitisha uhamishoni. Makaisari kadhaa walikuwa upande wa wapinzani wake. Imani ya Nikea ilidumu kwa uvumilivu wa watu waliofukuzwa, na kwa watawa wa jangwa la Misri waliompa Atanasi maficho. Sisi wa Kongo tunaojua jinsi wakubwa wanavyopenda kukaa viti vya mbele kanisani tujifunze hapo: mwenye nguvu anaweza kuitisha mkutano, lakini hawezi kuiamini imani kwa niaba yetu.

Tena wako wanaosema kwamba kanuni za imani zimewatenga Wakristu badala ya kuwaunganisha. Hakika neno lililoongezwa katika nchi za Magharibi, kwamba Roho anatoka kwa Baba na kwa Mwana, lilikuwa mojawapo ya sababu za utengano na ndugu zetu wa Mashariki. Lakini maneno yale yale ndiyo yanayowarudisha pamoja. Tarehe 28 Novemba 2025, miaka 1700 baada ya mtaguso, Papa Leo XIV na Patriarki Bartolomayo wa Konstantinopoli walikutana Iznik na kusali pamoja na viongozi wa makanisa mengine. Hapa kwetu Kamina ndugu zetu Wametodisti ni wengi, nao wana Kanuni ya Imani ya Mitume katika ibada yao. Kijana Mkatoliki na kijana Mmetodisti wanaosoma darasa moja wanaweza kubishana juu ya mambo mengi. Lakini wakianza kusema kanuni hiyo, kila mmoja anaweza kuimalizia sentensi ya mwenzake. Katika mji wenye vibao vya makanisa kila njia panda, hilo si jambo dogo.

Je, hatuwezi basi kuisema imani hii kwa maneno yetu wenyewe? Twaweza, na twapaswa. Kati ya Wamasai wa Tanzania kaskazini, wamisionari Wakatoliki na waamini wao walitunga kanuni inayomsimulia Yezu kama mtu wa safari, na hata fisi wanatajwa humo. Padre Vincent Donovan aliichapisha katika kitabu chake cha mwaka 1978. Haikuifuta Nasadiki ya Nikea. Ilikuwa simulizi jipya juu ya shanga zile zile. Nanyi vijana wa Sanga mna Kiluba, mna Kiswahili, mna nyimbo na methali. Jaribuni. Lakini yeye anayetaka kusimulia upya ajue kwanza shanga zilipo.

Na sisi Wakongo tuna zawadi ya pekee. Katika Misa ya matumizi ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, tendo la toba haliko mwanzoni. Tunasikia Neno, tunakiri imani, na hapo ndipo tunapoinama kuomba msamaha. Kisha tunapeana amani, ndipo tunapoleta vipaji. Mpango huo una hekima. Mtu akishasema kwamba anamsadiki Mungu Baba, mara moja anatazama pembeni na kuwaona watoto wengine wa Baba huyo, na kujua ni nani hajasalimiana naye. Nasadiki isiyotufikisha kwenye toba na amani imekatwa katikati. Kwa hiyo tunapoiharakisha huku wengine wakitafuta fedha za sadaka mifukoni, tunajinyang'anya kitu chetu wenyewe.

Bikira na shahidi Anuarite Nengapeta, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, na Isidori Bakanja, fundi kijana aliyebatizwa mwaka 1906 na kufa mwaka 1909 kwa mapigo aliyopata kwa sababu ya skapulari yake, hawakuwa wanateolojia. Bakanja alikuwa Mkristu kwa miaka mitatu tu. Walipokea imani kutoka kwa watu wengine, kwa maneno ambayo hawakuyatunga wao, na siku ya hatari maneno hayo yakawa yao kabisa. Hivyo ndivyo imani iliyopokelewa inavyokuwa imani ya moyoni.

Tunapendekeza basi jambo jepesi kwa kila kundi la vijana wa parokia. Mapokeo yanaigawa Kanuni ya Mitume katika vifungu 12. Chukueni kifungu kimoja kwa kila mkutano. Mwalikeni mzee mmoja aeleze alivyofundishwa kifungu hicho, na kwa lugha gani. Kisha mjiulize: kama hili ni kweli, tubadilishe nini wiki hii hapa mtaani kwetu? Anayesadiki Muumba wa visivyoonekana hamsingizii mtoto. Anayesadiki ushirika wa watakatifu hawasahau wafu wake, wala hawaogopi. Anayesadiki maondoleo ya dhambi hamalizi mwaka bila kusema na ndugu yake. Anayesadiki ufufuko wa mwili hauuzi mwili wake, wala hanunui wa mwingine.

Kwa kijana aliyetuuliza tunajibu sasa, kwa kuchelewa: ndiyo, ndugu, maneno ni ya kale, na waliyatunga watu waliokufa zamani. Baadhi yao walikuwa Waafrika. Waliyatunga ili wewe usidanganywe. Dominika ijayo, tunaposimama baada ya mahubiri, usiyaseme haraka.